Aliyeachia Kamba Bila Mshale

Kuna watu wakifungua mdomo, hata paka wa jirani humwacha panya ajiendee zake akakaa kusikiliza. Dobi wa mtaa ule alikuwa wa jamii hiyo. Kazi yake ilikuwa pasi, lakini kipaji chake kilikuwa ulimi. Ungempelekea shati lenye mikunjo kama uso wa bibi kizee, ukasimama mlangoni kusubiri, na kabla kola haijanyooka ungekuwa umeshasikia jinsi alivyouzima moto wa sokoni kwa ndoo yake ya kulowekea nguo, jinsi alivyompa ushauri meneja wa benki akanenepa, na juu ya yote, jinsi alivyokuwa bingwa wa upinde enzi za ujana wake. Kwa hilo la mwisho watu walimpa jina la Shabaha, na jina likamkaa kama kofia iliyopimwa. Siku akipita barabarani asiitwe Shabaha, chakula hakikumshuka vizuri.

Ushahidi alikuwa nao, tena wa kutembea nao. Upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na kovu refu, laini, linalong'aa kama utepe. Angekunja mkono wa shati taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala, aseme kwamba hapo ndipo kamba ya upinde ilipomchapa siku ya fainali. Damu chururu, upepo unavuma kushoto, shabaha iko mbali hadi inaonekana kama kifungo cha shati, mpinzani wake ameshaanza kucheka. Na yeye akaachia. Kuhusu maumivu, alikuwa na msemo wake usiobadilika: hakusikia hata chembe.

Sasa sogea karibu, maana hili halisemwi kwa sauti. Kovu lile lilikuwa la pasi. Pasi ya makaa, ile nzito ya zamani yenye jogoo wa chuma mbele. Alikuwa kijana anajifunza kazi, usingizi ukamwiba mezani, mkono ukalala pale ambapo mkono haulali. Upinde hajawahi kuushika maishani mwake, labda ule wa kijiti na uzi ambao kila mtoto amewahi kumlengea kuku. Aliyeshuhudia pasi ile ni dada yake peke yake, na dada mtu alikuwa amefunga mdomo miaka yote, si kwa kupenda uongo, ila kwa sababu uongo ule ulizaliwa nyumbani kwake.

Ulizaliwa hivi. Binti wa dada yake, ambaye mjomba mtu alimwita Kidege kwa wembamba wa miguu yake, aliugua homa akiwa mdogo, akawa hataki dawa wala uji. Mjomba akaketi kitandani kumbembeleza. Mtoto akapitisha kidole juu ya kovu, akauliza, mjomba, hapa umefanywa nini? Na dobi akaona kusema pasi ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Akasema kamba ya upinde. Mtoto akafungua macho. Akameza uji mzima akisubiri mwisho wa hadithi, na kesho yake akataka nyingine, na uongo ukaumuka kama unga uliotiwa hamira, mpaka siku moja dobi mwenyewe akaanza kukumbuka sura ya yule mpinzani wake.

Lakini hadithi si maji ya kumwaga, hujui itaota wapi. Kidege alikua, akawa fundi wa kukata vioo, kazi inayotaka mkono usiotetemeka. Chumbani kwake akajaza vitabu vya falme zisizokuwepo, vya majoka yanayolinda visima na malkia wanaotawala misitu, na jioni akitoka kazini akawa anakwenda kwenye klabu ya upinde, kwenye ghala kuukuu lililoachwa na wauza magunia. Alianza kwa pinde za klabu zilizochakaa. Akapanda, akapanda, mpaka akachaguliwa kwenda kwenye mashindano ya pinde za mbao, yale ambayo kila mtu huja na upinde wake mwenyewe. Kila aliyemuuliza amejifunza kwa nani alijibiwa neno moja: mjomba.

Ndiyo maana ulipofika wakati wa kununua upinde wake, hakutaka kwenda na mwalimu wa klabu. Alisimama mlangoni kwa dobi siku ya mapumziko, amevaa vizuri kama anayekwenda kuposa, akasema hawezi kuchagua bila jicho la bingwa. Mama yake alikuwa pale amefuata mashuka. Akamtazama kaka yake kwa jicho lile la dada, akakunja shuka mara ambazo halikuhitaji, akasema tu, "Haya, bingwa. Nenda ukamchagulie mwenzio."

Dobi angeweza kuumwa mgongo. Angeweza kuwa na nguo za harusi za kupiga pasi. Lakini sifa ni kama pilipili, inawasha na bado unaongeza. Akavaa koti, akaenda.

Karakana ya Bi Randa ilikuwa nyuma ya kiwanja cha mbao, unapita kati ya marundo ya mirunda hadi kwenye banda refu linalonukia mafuta ya kupaka mbao. Bi Randa alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, na unga wa mbao ulikuwa umemkaa kwenye nyusi kama poda. Hakutengeneza vitanda wala makabati. Alitengeneza pinde ndefu za kimo cha mtu, kila mmoja kwa mkono, na kila mmoja kama uliochomoka kwenye ngano. Mmoja ulichongwa majani kutoka ncha hadi ncha, akauita Malkia wa Msitu. Mmoja kishikio chake kilikuwa kiuno cha nguva. Wa tatu, uliotundikwa peke yake karibu na dirisha, ulikuwa na joka lililojizungusha kwenye kishikio, magamba yake madogo kama mbegu za ufuta, kichwa kimepanda juu na ulimi ndio ncha ya kushikia kamba. Huo aliuita Joka. Kidege alipouona alisimama kama aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

Bi Randa alicheka, akasema kutazama hakuhesabiki. Kwake mteja huchagua akiwa amefungwa macho. Nakshi ni mdomo mtamu, alisema, na watu wengi wameoa mdomo. Kwanza unafungwa kitambaa, unashika pinde moja baada ya nyingine, unavuta kamba kidogo tu, upana wa kiganja, na mkono ndio unaosema ndiyo au hapana. Ukishachagua ndipo unakwenda uani na mshale kuvuta mpaka mwisho.

Kulikuwa na desturi nyingine, nayo ilining'inia juu ya vichwa vyao. Kwenye boriti ya dari zilitundikwa pinde zilizovunjika, na kila mmoja umeandikwa kwa chuma cha moto kosa lililouvunja na jina la aliyelitenda. Ukivunja upinde wa Bi Randa hapigi kelele wala hakufikishi popote. Unaandika mwenyewe, unautundika mwenyewe, basi. Dobi aliinua shingo akasoma kwa sauti, maana kusoma kwake kulitaka sauti. *Niliuacha juani. Mwalimu wa hesabu.* Akacheka. *Niliukalia. Mkwe.* Akacheka mpaka akashika mbavu. *Nilimwazima mume wangu.* Hapo akamwambia Kidege kwamba dunia ina watu, mpwa wangu, dunia ina watu. Mwingine wa zamani, umefifia, ulisema: *Mbao ilikuwa na fundo, sikuliona. Bi Randa.*

"Huo ni wangu," Bi Randa akasema. "Ulikatikia mkononi mwa mteja. Nilikaa muda mrefu sishiki randa. Tangu hapo hakuna mwingine uliopanda pale kwa jina langu, na nikijaliwa hautapanda."

Halafu akataka kuwaeleza masharti ya kushika pinde, kama anavyomweleza kila anayeingia. Kidege alikuwa anayajua ya klabu. Dobi akainua kiganja. Akasema kwa chumvi aliyokula katika mambo haya, kuelezwa ni kumtia aibu mbele ya mtoto. Bi Randa akalitazama kovu, maana mkono wa shati ulikuwa umeshakunjwa siku nyingi, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Basi nisamehe, bingwa. Wewe zikague, mikono yako naiamini. Mimi nampeleka binti uani nikapime mkono wake, nimkatie mishale."

Wakatoka. Dobi akabaki na pinde.

Mtu akiwa peke yake na kitu alichokisimulia miaka yote, shetani huvuta kigoda akaketi. Joka, kama pinde nyingine, lilikuwa limeshatiwa kamba asubuhi ile kwa ajili ya Kidege. Dobi akalitungua. Lilikuwa jepesi, na lilikaa mkononi kana kwamba lilimjua. Kioo cha dirisha kikamwonyesha mwanamume mwenye koti, kifua mbele, upinde wa joka mkononi, na ukweli usemwe, alipendeza. Akavuta kidogo. Akavuta tena. Akaona uso wa yule mpinzani wake asiyekuwepo. Akavuta mpaka kidole gumba kikagusa shavu, akafumba jicho moja, akamlengea yule mtu wa kwenye kioo, akaachia.

Kamba ikalia pwa! Ikamchapa mkono wa kushoto karibu na kifundo, maumivu makali hata machozi yakamtoka bila kuombwa. Na ndani ya mlio ule, kama mtu aliyevunja njiti chumba cha pili, kukawa na sauti ndogo: ta.

Akasimama akiushika mkono. Akautazama upinde juu, chini, pembeni. Joka lilimtazama vilevile, halina alama. Akajiambia mbao hulia, hata kitanda chake hulia usiku na hakijavunjika. Akautundika pale pale. Akapangusa macho. Na kwa sababu alikuwa anatafuta pa kuyaweka macho yale, akayainua kwenye boriti, akaona upinde ambao hakuusoma mwanzo kwa vile alikuwa anacheka. Akausoma sasa, kimya, midomo ikienda.

*Niliachia kamba bila mshale. Kinyozi.*

Akausoma tena. Akaelewa, kwa jinsi mtu anavyoelewa harufu ya nguo inayoungua kabla hajageuka, kwamba nguvu yote ambayo mshale ulipaswa kuondoka nayo ilikuwa imerudi ndani ya mbao. Joka lilikuwa limevunjika kwa ndani. Akaelewa na la pili, ambalo lilimkata zaidi. Kosa hili halifanywi na mtu aliyewahi kupiga upinde hata wiki moja. Ni kosa la kinyozi. Akisema *nimeuvunja*, itabidi aseme vipi, na akisema vipi, Shabaha amekufa, fainali imekufa, upepo wa kushoto umekufa, na homa ile na uji ule vinabaki uongo mtupu kwenye kitanda cha mtoto.

Akashusha mkono wa shati. Akafunga kifungo.

Waliporudi wanacheka jambo, Bi Randa akamfunga Kidege kitambaa cheusi, akaanza kumpa pinde. Malkia wa Msitu, Kidege akavuta kidogo, akatikisa kichwa. Nguva, akakaa nao kidogo, akaurudisha. Dobi akawa anaomba moyoni ombi la mwizi. Pinde zilikuwa nyingi, na mkono wa kipofu ungeweza kuangukia popote.

Uliangukia kwenye Joka. Kidege aliuchukua, akavuta upana wa kiganja, mabega yakashuka kama ya mtu aliyefika nyumbani. Akatabasamu chini ya kitambaa.

"Huu," akasema. "Mjomba, ni huu."

Dobi akafungua ulimi wake, silaha pekee aliyowahi kuwa nayo kweli. Akasema kishikio kinene. Kidege akasema kinamtosha. Akasema magamba yatamchubua. Bi Randa akasema magamba yamepigwa msasa hata mtoto mchanga angelalia. Akasema majoka yana mkosi, yeye enzi zake aliona mtu mwenye upinde wa joka akitumbukia mtaroni siku ya mashindano. Kidege akacheka sana, maana hiyo hakuwahi kusimuliwa. Kila alilosema lilimsogeza binti karibu zaidi na upinde, na Bi Randa naye alianza kukunja uso, kwa sababu hakuna fundi anayependa kazi yake isemwe vibaya na mtu anayemheshimu.

"Bingwa," akasema kwa upole, "kama una neno juu ya mbao yangu, niambie. Wewe unajua kuliko mimi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, umefagiliwa, umetandikwa mkeka. Dobi akakohoa, akasema hapana, mbao ni safi.

Walipokuwa wanatoka kwenda uani, akaomba aubebe yeye. Alikuwa amepata wazo, na wazo lenyewe ukilisikia utamwonea huruma: alitaka kujikwaa kizingitini aangukie upinde. Afadhali aandikwe *Niliuangukia*. Mkwe aliyekalia upinde wake hakuwa mwongo, alikuwa mzito tu. Basi akafika kizingitini, akajikwaa, na kwa kujikwaa kule ungedhani ni mchezo wa jukwaani. Kidege akamdaka. Akamshika kiwiko kwa mikono yake miwili ya kukatia vioo, imara, akamwambia polepole mjomba, macho yako siku hizi, na akamshusha ngazi kama anavyoshushwa mzee. Dobi akajiona mdogo hata angeingia kwenye mfuko wa koti lake.

Uani palikuwa na gunia kubwa la nyasi limetegeshwa ukutani, na duara la rangi katikati. Kidege alichukua mshale, kisha akasita. Akageuka akampa mjomba wake, na uso wake ulikuwa uleule wa kitandani, wa mtoto anayesubiri kijiko cha uji.

"Anza wewe. Maisha yangu yote sijawahi kukuona ukipiga."

Bi Randa akasema hilo nalo neno, akakunja mikono kifuani kutazama.

Sasa msikilize shetani, maana aliongea kwa busara sana. Alimwambia: vuta. Upinde utavunjikia mkononi mwako, labda utakuchubua, labda utalia kidogo, lakini utabaki bingwa. Bingwa aliyevunjikiwa upinde. Na kosa litakuwa la mbao. Dobi akamwangalia Bi Randa. Akaiona ile boriti, akaona jina lake likipanda kule mara ya pili kwa kosa ambalo si lake, na randa ikilala mezani. Aliyaona yote hayo waziwazi. Akaweka mshale kwenye kamba, akakosea upande, akaugeuza, akainua upinde.

Ndiyo, aliinua. Tusimfiche.

Akaanza kuvuta. Mbao ikanung'unika chini sana, sauti ambayo yeye tu alijua maana yake. Na Kidege, aliyetaka kuona bingwa anagusisha wapi mkono shavuni, akasogea. Akasogea tena, akainamisha kichwa, uso wake ukawa karibu na mkono wa juu wa upinde, jicho limefunguka, halipepesi, linasoma.

Dobi akaiachia kamba irudi taratibu. Akashusha upinde. Na hapa ndipo penye aibu ambayo baadaye hakuweza kumsimulia mtu: hakusimama kwa ajili ya Bi Randa. Bi Randa alikuwa ameshamtoa kafara. Alisimama kwa sababu ya jicho lile.

"Usiuvute," akasema. "Umevunjika."

Bi Randa akasema haiwezekani, ameutia kamba asubuhi.

"Nimeuvunja mimi. Mlipokuwa uani. Niliuvuta, nikaachia."

Kidege alikuwa bado anatabasamu nusu, kama mtu anayesubiri mzaha ufike mwisho. "Uliachia vipi? Mshale ulikuwa wapi?"

"Mshale haukuwepo."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anapigilia misumari, akaacha, akaanza tena.

"Mjomba," Kidege akasema polepole, "hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Kabla hata ya kushika upinde. Hata watoto wa klabu wanalijua."

"Ndiyo."

"Kila mtu aliyewahi kupiga anajua."

"Ndiyo, Kidege. Kila aliyewahi."

Akamwona anahesabu, si kwa vidole, kwa macho. Anarudi nyuma hadithi moja baada ya nyingine kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kwa chumba. Akafika kwenye mkono. Akaunyoosha wake, akafungua kifungo cha shati la mjomba, akakunja. Chini, karibu na kifundo, palikuwa na mchirizi mwekundu uliovimba, mbichi. Juu, karibu na kiwiko, palikuwa na kovu linalong'aa, lisilofanana na mchirizi ule hata kidogo.

"Hili?"

"Pasi."

"Pasi gani?"

"Ya makaa. Ile ya zamani."

Akaurudisha mkono wa shati chini kwa uangalifu, akafunga kifungo, na uangalifu ule ulimuuma dobi kuliko kofi.

Bi Randa alichukua upinde, akaketi kwenye gogo, akatoa pamba mfukoni akaipitisha polepole kwenye mgongo wa mbao. Ikateleza, ikateleza, ikafika chini ya shingo ya joka, ikanasa. Uzi mweupe mmoja ukabaki umesimama kwenye ufa ambao jicho halikuuona. Akautazama uzi ule. Dobi akaanza kusema atalipa, atafanya kazi, atampigia pasi nguo zake mpaka kaburini, na Bi Randa akatikisa kichwa tu.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama una neno juu ya mbao yangu."

Bi Randa hakusubiri jibu. Aliingia ndani akatia chuma motoni.

Kuandika kwa chuma kuna ufundi wake. Kikipoa hakiandiki, kikizidi kinachoma shimo. Bi Randa alikuwa tayari kumwonyesha, lakini dobi akadondosha tone la maji kwenye chuma, akalisikiliza linavyolia, akangoja, akadondosha jingine. Moto na chuma alivijua. Ndicho kitu pekee alichokijua siku ile nzima, na hakikuwa na wa kumpigia makofi. Akaandika kwenye tumbo la upinde, herufi kubwa, zinazoegemeana, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. *Niliachia kamba bila mshale.* Akafika mwisho akainua mkono.

"Jina," Bi Randa akamkumbusha.

Dobi akageuka kumtazama Kidege, kana kwamba jina lilikuwa kwake. Kidege alikuwa amesimama dirishani, penye ndoano iliyobaki wazi, amemgeuzia mgongo. Chuma kilikuwa kinapoa. Dobi akainama, akaandika *Dobi*, akapanda kigoda, akalitundika Joka kando ya upinde wa kinyozi.

Aliposhuka, Kidege alikuwa ameshajifunga kitambaa machoni mwenyewe. Akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, akasema apewe unaofuata. Hakusema mjomba. Aliyekuwa karibu na ukuta ni dobi, na Bi Randa hakusogea. Basi dobi akatungua upinde mmoja akampa, akapokea, akampa mwingine, akapokea, kama mtumishi. Hakusema kishikio kinene wala chembamba. Mwisho mkono wa binti ulibaki kwenye ule wa nguva. Alikaa nao sana. Mabega hayakushuka kama yalivyoshuka kwa Joka, na wote watatu waliliona hilo, hata yeye aliyefungwa macho.

"Utafaa," akasema.

Njiani alitangulia yeye na upinde wake begani. Dobi akafuata. Wauza duka wakamwamkia Shabaha, Shabaha, vipi, mmepata? Akainua mkono kidogo, akapita.

Siku zikapita, dobi akipiga pasi mlango umefungwa nusu, na wateja wakishangaa kupata nguo zao mapema bila hadithi. Dada yake alikuja mara moja, akakaa, akamtazama, akasema chai yake ina sukari kidogo, akaondoka. Hakumuuliza. Alikuwa ameshaambiwa.

Asubuhi moja Kidege akaingia na shati la klabu. Siku zote ni mjomba aliyempigia pasi shati lile. Akaliweka mezani, akasema mashindano ni kesho, na kola isikunjwe. Dobi akasema haitakunjwa. Kidege akageuka kuondoka, akafika mlangoni, akashika mlango, akabaki hapo.

"Ya pasi," akasema bila kugeuka. "Iliuma?"

Dobi akaiweka pasi pembeni. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama ulivyozoea. "Kuuma? Mpwa wangu, siku hiyo upepo ulikuwa unavuma, makaa yanacheza cheche, jogoo wa pasi akaruka akaniparua, mimi nikamdaka kwa mkono huu…"

Akanyamaza. Akautazama mkono.

"Hapana," akasema. "Jogoo hakuruka. Nilisinzia tu. Na iliuma sana, nililia mpaka mama yako akaja mbio."

Kidege hakufungua mlango. Alisimama pale pale, mkono kwenye komeo, akisubiri kusikia mengine.